Siku Niliyokuwa Ulimi wa Hooyo

Mwezi uliopita tulimzika Eddo Khadra, dada wa baba yangu. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nimekaa na wanawake uani kwake, mtaa wa Iftin, mjini Garissa, chini ya turubai lililokuwa likipigwapigwa na upepo wa vumbi. Tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, yale yenye harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Mama mmoja mzee, jirani wa miaka mingi, akanishika goti na kuwageukia wenzake.

"Huyu mnayemwona ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba hii. Kadogo hivi, anasimama mbele ya madaktari anawaongelesha Kiswahili kama mtu wa serikali. Khadra alimsifu kila mahali."

"Masha'Allah," wakaitikia, na mmoja akanipangusa bega kana kwamba nimeshinda mtihani.

Niliweka kikombe chini kabla sijakimwaga. Nikajifunika uso kwa mtandio. Walidhani namlilia marehemu, wakanisogezea leso. Lakini sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi, na nilishangaa kuona kwamba mimi nimeota mvi mbili tatu na yenyewe haijazeeka hata siku moja.

Ninyi wa rika langu mliokulia Garissa, Wajir au Mandera mnajua ninachokisema. Tulitolewa darasani twende kwa chifu, twende kwa watu wa vitambulisho, twende hospitali. Mzazi anasimama mlangoni mwa darasa, mwalimu anakuita jina, unakusanya daftari. Tulijivuna. Tulitembea mbele ya watu wazima na sketi zetu za shule, na Kiswahili chetu cha kukariri methali. Hakuna aliyetuambia kwamba neno moja likiteleza, mtu anaweza kufa.

Hooyo, mama yangu, alikuwa muuza maziwa. Baba alikuwa na ngamia wake upande wa Bura ya Fafi, na kila alfajiri pikapu ya maziwa ilileta madumu ya manjano yaliyofunikwa matawi mabichi ili yasichemke njiani. Hooyo aliyapokea sokoni, akaonja kila dumu kwa kifuniko chake, akauza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, mwenye mifupa ya uso iliyochongoka. Kiswahili alikuwa nacho maneno mawili matatu: maziwa, lita, hapana.

Mwaka ule alipokuwa na mimba ya nne, mifupa ile ilizama. Uso ulijaa ukawa wa mviringo. Vidole vilivimba hata pete ikabidi itolewe kwa sabuni. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, inang'aa, ngozi imevutika. Wanawake wa sokoni walimtania kwamba mumewe ameuza ngamia akamlisha nyama, na mimi nikaamini. Niliwahi kuwaona wake za wafanyabiashara wakubwa, wanene, wanaotembea polepole na dera za hariri, nikajua sasa na sisi tumetajirika. Jioni mimi na mdogo wangu Sahal tulikaa miguuni pake tukicheza mchezo tulioubuni wenyewe. Unabonyeza muundi wa Hooyo kwa kidole gumba, unahesabu, shimo linabaki. Ambaye shimo lake linakaa muda mrefu zaidi ndiye mshindi. Hooyo alicheka akatuacha. Nilishinda mara nyingi. Siku hizi nikiwaza mchezo ule natamani kujipiga, ingawa najua kwamba mtoto hajui. Lakini kliniki walijua. Alikwenda kliniki mara tatu na miguu ileile, na mara tatu akarudi na vidonge vya kuongeza damu na maneno "vijiti vya kupimia mkojo vimekwisha."

Kisha kikaja kichwa. Alijifunga mtandio kwa nguvu kwenye paji, akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alisema anaona nyota, cheche kama za fundi anayechomelea mageti. Eddo Khadra alileta chupa ya maji yaliyosomewa Kurani, Hooyo akanywa, akanawa uso. Asubuhi ya pili alitapika, na alipojaribu kusimama akashika ukuta. Hapo ndipo Eddo alipokuja kunitoa darasani. Nilikuwa darasa la nne.

"Njoo," alisema mlangoni. "Wewe ndiye mwenye Kiswahili."

Hospitali sitaitaja. Ilikuwa na jengo refu la wazazi, na juu ya paa lake walisimama korongo wale wakubwa wenye vipara na mifuko shingoni, wakingoja sijui nini. Ndani, joto lilikuwa la kukaba. Vitanda vilijaa, vingine wanawake wawili wawili, kila mmoja na kichwa chake upande wake. Palinuka dawa ya kusafishia sakafu, damu, na uji wa maziwa ulioungua. Muuguzi alikuwa mmoja tu. Alikuwa mama wa makamo, Mkamba, mfupi, mwenye viatu vya mpira vyeupe vilivyopasuka pembeni. Wote walimwita Sista Mbithe.

Alimtazama Hooyo mara moja tu, akaacha alichokuwa akifanya. Alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Nilikaribia kucheka, nikidhani na yeye anaujua mchezo wetu. Hakuhesabu. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akamfunga mkono kwa kitambaa cha mashine ya presha, akajaza upepo. Kitambaa kikapumua na kufunguka chenyewe. Akafunga tena, safari hii amekishikilia kwa kiwiko chake, akasoma, akakunja uso.

"Mia na sabini kwa mia na kumi na tano," alijisemea. Kisha akaniangalia. "Uko darasa la ngapi?"

"La nne, sista."

"Unajua Kiswahili vizuri?"

"Najua, sista. Mimi huwa wa kwanza."

"Haya. Muulize mama kama ako na maumivu ya kichwa."

Nikamuuliza. Hooyo alinivuta karibu. Mama zetu huwaita watoto wao kwa jina lao wenyewe, nasi tukawa akina Hooyo wadogo. "Hooyo," aliniambia polepole, "mwambie hakuna. Wakijua wataniingiza kwenye kisu. Si unamkumbuka Fatuma?"

Nilimkumbuka. Fatuma alikuwa jirani aliyepasuliwa na hakurudi nyumbani.

"Hakuna, sista," nilisema. Nilisema vizuri, kwa sauti ya darasani.

"Muulize kama anaona maluweluwe."

Neno hilo, lililokuwa na maana ya zile nyota zake, sikulijua. Nilikuwa wa kwanza darasani, na niliona haya kusema silijui. Lilisikika kama kitu cha mashetani, kwa hiyo nilimuuliza Hooyo kama anaona majini. Hooyo akashtuka. "Audhubillahi! Mwambie hapana. Wasije wakaniita mwenda wazimu."

"Hakuna, sista."

"Na hapa? Chini ya mbavu?"

Sikumtafsiria hata hiyo. Nilikuwa nimeshaelewa jibu linalotakiwa. "Hakuna."

Sista Mbithe aliandika. Baada ya muda daktari akapita, kijana mrefu, nadhifu, simu mkononi. Alichukua karatasi akasoma akiwa amesimama upande wa miguuni.

"Daktari, huyu presha iko juu sana," alisema Sista Mbithe. "Amevimba uso na mikono. Nataka tumwanzishie sindano za kuzuia degedege na dawa ya kushusha presha, halafu aandaliwe kwa upasuaji."

"Kwa mashine hiyo? Mashine hiyo mbovu, kila mtu anajua."

"Nitatafuta nyingine."

"Ukipata, upime tena baada ya muda wa saa nne. Hapa mmeandika haumwi kichwa, haoni maluweluwe, hana maumivu. Mnataka nimpasue mtu asiye na dalili?"

Akatia sahihi akaenda. Hakumgusa Hooyo. Hakumsalimia. Nilimwona kwa macho yangu na nimemwona mara nyingi tangu hapo, kila ninapofumba macho.

Nataka niseme jambo hapa kabla sijaendelea, maana watu huniambia, ah, ilikuwa shida ya lugha. Shida gani ya lugha? Mji mzima unazungumza Kisomali! Mlinzi wa geti alikuwa Msomali. Karani wa mafaili, milango miwili kutoka pale, alikuwa Msomali, na nilimsikia akipiga soga kwenye simu. Mama aliyekuwa akipiga deki chini ya kitanda cha Hooyo alitusalimia kwa Kisomali na kumuombea dua. Katika mji mzima wa Wasomali walikosa mtu mzima mmoja wa kumuuliza mwanamke kama kichwa kinamuuma, wakanipata mimi. Na Eddo Khadra, aliyekuwa amesimama pale, aliyesikia Hooyo akininong'oneza, aliyejua fika kuhusu kile kichwa na zile nyota, alitazama dirishani.

Sista Mbithe hakuridhika. Alikwenda kuzalisha mwanamke mwingine, akarudi na glavu zikiwa na damu, akazitupa, akanawa. Alimpa Hooyo kikopo cha mkojo. Vijiti hapa pia vilikuwa vimekwisha. Basi akatoa kabatini kichupa chembamba cha kioo na taa ndogo ya spiriti, akamimina mkojo, akaupasha moto juu ya ule mwali wa bluu, akadondosha matone ya siki. Nilisogea kutazama. Mkojo uliganda. Ulikuwa mweupe kabisa, kama ute wa yai kwenye kikaango.

Eddo alinishika bega. Akasahau kwamba mimi ndiye mwenye Kiswahili, akasema mwenyewe, kwa ulimi wetu usio na p: "Wewe, sista, unabika nini haba?"

"Mwambie naangalia kama figo za mama zinavuja," Sista Mbithe aliniambia bila kutoa macho kwenye kichupa. "Na zinavuja. Angalia hii."

Figo nayo sikuijua. Nilimwambia Eddo kwamba mkojo wa Hooyo una kitu kibaya na sista anakichemsha. Eddo akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Aliamini tumeangukia kwa mchawi, na mimi nikaamini pamoja naye. Nilimwona yule mama mfupi akiinua kichupa chake kwenye mwanga wa dirisha, midomo imekazana, nikamchukia. Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa akimtazama mama yangu, na mimi nilimchukia.

Alitoka mbio kwenda wodi nyingine kuazima mashine nzima na kumtafuta daktari. Alikuwa bado hajarudi Hooyo alipogeuza kichwa upande, taratibu, kana kwamba ameitwa. Macho yalikwenda juu. Mdomo ulivutika upande mmoja. Kisha mwili wote ukakakamaa, halafu ukaanza kutupwa, kitanda kikagonga ukuta, kikagonga, kikagonga.

"Jini!" Eddo alipiga kelele. "Wamempanda!" Akamfunika uso kwa mtandio, akaanza kutafuta kijiko cha kumtia katikati ya meno. Wanawake wa vitanda vya jirani waliinuka na matumbo yao, wengine wanalia. Mimi nilishika kidole cha mguu wa Hooyo. Sijui kwa nini kidole cha mguu.

Sista Mbithe aliingia na mashine kifuani. Aliirusha kitandani. Alivuta ule mtandio, akatupa kijiko sakafuni, akamlaza Hooyo kwa ubavu, akaweka magoti yake kama ukuta asianguke. Hakumbana. Alimshikilia tu mpaka mwili ulipotulia, huku akitazama saa yake ya kifuani, kisha akamfuta povu, akasafisha kinywa kwa mpira wa kunyonyea, akamwekea hewa ya oksijeni. Yule mama wa deki alitumwa kumwita daktari, akakimbia na ufagio wake wa maji mkononi.

"Simngojei mtu," alisema Sista Mbithe. Alitia dawa kwenye mshipa polepole, polepole mno. Halafu akachukua sindano kubwa, akamchoma Hooyo tako la kwanza, na Hooyo, aliyekuwa amelala kama maiti, akaguna kwa maumivu. Nilipoona sindano ya pili, nilimrukia. Nilimng'ata mkono, hapa juu ya kifundo, kwa nguvu zangu zote. Nilisikia ladha ya sabuni na ya chumvi.

Hakunipiga. Hakuuvuta mkono hata, maana ungetikisa sindano. Alimaliza kuisukuma dawa na meno yangu yakiwa ndani ya nyama yake. Ndipo akasema, "Sasa niachie."

Nikamwachia. Alikuwa na alama nusu duara, damu inachomoza. Aliifunga kwa bandeji huku akihesabu pumzi za Hooyo. Alichukua nyundo ndogo ya mpira akamgonga goti, mguu ukaruka kidogo, akaridhika. Akamwekea mpira wa mkojo. Nilidhani anamtesa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba dawa ile inayozuia degedege ndiyo inayoweza kuzima pumzi, na kwamba kila baada ya muda yeye alikuwa anauliza mwili wa mama yangu maswali ambayo hayahitaji lugha.

Alinichuchumalia. "Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu asubuhi, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulisahau kuniambia?"

Sikutaka kumtaja Hooyo. Nilifikiri kumdanganya mtu aliyevaa sare ni kosa la serikali, kwamba akizinduka watampeleka polisi. "Nilisahau," nilisema.

"Hapana," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea kukuuliza wewe. Hukupaswa kuulizwa."

Walimpasua Hooyo alasiri ile. Walimtoa akiwa hai. Mtoto alikuwa wa kiume na hakulia.

Baba alifika kesho yake asubuhi na pikapu ya maziwa, vumbi kwenye kope. Hakuwahi kuingia hospitali. Alisimama kando ya kitanda na fimbo yake, hajui aiweke wapi. Hooyo alikuwa macho, amekauka midomo. Eddo alikuwa pembeni. Daktari akaja na faili, na Sista Mbithe nyuma yake na trei ya dawa. Daktari alimtazama baba, akamtazama Eddo, halafu akanishushia macho mimi.

"Wewe ndiye unayetafsiri? Mwambie baba yako hivi. Mgonjwa alipokuja aliulizwa dalili zote. Zilifichwa. Imeandikwa hapa kwamba binti yake alisema hakuna. Tungeambiwa ukweli mapema, pengine mtoto angepona. Mwambie."

Nikamwambia. Nilitafsiri neno kwa neno, na safari hii sikukosea hata moja. Nilimwambia baba yangu, kwa Kisomali safi, kwamba mtoto wake wa kiume amekufa kwa sababu ya nilichosema mimi. Hooyo alisikia. Alikuwa umbali wa mkono. Alifumba macho na hakufungua kinywa. Eddo pia alisikia. Alirekebisha mtandio wake.

Baba aliihamishia fimbo mkono wa pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilisubiri fimbo.

"Muulize daktari," alisema, "alimgusa mke wangu?"

Nikamuuliza.

"Nilisoma faili," alisema daktari.

Nikatafsiri.

"Mwambie mimi ni mchunga ngamia. Ngamia wangu hana Kiswahili, hana Kisomali. Akiwa na mimba na kitu kimeharibika, haniambii. Naweka mkono. Mwambie huyu mtoto wangu ana miaka kumi. Yeye ana mingapi?"

Nilisema yote. Nilipofika kwenye "yeye ana mingapi" nilianza kulia, lakini nilimaliza. Daktari alifunga faili.

"Sijui kama umetafsiri sawa," alisema.

"Ametafsiri sawa," alisema Sista Mbithe nyuma yake. "Na umeelewa."

Daktari akaondoka. Hakuna aliyeulizwa kitu. Mashine mbovu ilirudishwa kwenye ndoano yake. Sista Mbithe alikuja nyumbani Iftin mara mbili kwa miguu yake, jua la saa tisa, na mashine aliyoazima ndani ya mkoba, kumpima Hooyo presha. Eddo alimpa chai, akamwita dada. Bandeji ilikuwa bado mkononi. Baadaye tukasikia amehamishwa mbali, kwa sababu ya maneno mengi. Hivyo ndivyo walivyosema. Maneno mengi!

Na mimi nikabaki na hadithi yangu. Eddo ndiye aliyeisambaza. Hakuisema kwa ubaya, aliisema kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi: "Maskini, ni mtoto, alisahau kusema kichwa kinauma." Wanawake waliopita nyumbani walinipapasa kichwa. Watoto wa shule hawakunipapasa. Nilikaa kimya nikimngoja Hooyo aseme. Kila mgeni alipoingia, kila hadithi ilipofika mahali pale, nilimtazama. Aliinamisha uso akamimina chai. Miaka miwili alimimina chai.

Katika miaka hiyo aliingia katika tabia moja ya ajabu. Usiku wa kawaida, akimaliza kuosha madumu, aliniita. "Hooyo, kichwa kwa Kiswahili ni nini?" Namwambia. "Jicho?" Namwambia. "Mguu. Tumbo. Damu. Kuuma." Hakutaka maneno ya sokoni, wala salamu. Alitaka mwili tu. Nilimjibu kwa ukavu, bila kuinua macho kwenye daftari. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa namchukia wakati ule, naweza kulisema sasa, na yeye alikuwa anajua.

Alipopata mimba nyingine nilikuwa darasa la sita. Siku ya kliniki alinitoa shuleni kama kawaida, nikafuata nyuma nikiburuta viatu. Benchi lilijaa wanawake. Muuguzi alikuwa msichana mgeni, mpole, kalamu sikioni. Aliniona na sare yangu akatabasamu.

"Afadhali. Njoo hapa, uniambie mama anasema nini."

Niliinuka. Miguu iliinuka yenyewe. Hooyo alinyoosha mkono, akaniwekea kifuani kama mtu anayezuia mbuzi asiingie barabarani.

"Yeye habana," alisema kwa Kiswahili. "Yeye ni mtoto. Mimi nasema."

"Mama, lakini utaweza—"

"Mimi naweza. Kidogo, lakini yangu." Alivuta kiti akakaa. Wanawake wote wa benchi waligeuka. "Wewe bima bresha kwanza. Halafu sikia. Mtoto moja nakufa. Mbele ya yeye, mimi kichwa nauma sana. Jicho naona moto. Sista nauliza, mimi naogoba kisu. Mimi naambia huyu," akanionyesha kwa kidole, "sema hakuna. Yeye nasema hakuna. Watu nasema yeye nasahau. Yeye hasahau. Uongo ni yangu. Andika."

Muuguzi aliona haya. Alimpima presha, akamuuliza kilichotokea baada ya hapo, akatazama benchi, akanitazama, akainamia kitabu cha kliniki akaandika. Hooyo, asiyejua kusoma, alikichukua kitabu kile, akanipa.

"Soma," aliniambia kwa Kisomali. "Ameandika?"

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba aliwahi kupata degedege la uzazi, kwamba alipasuliwa, kwamba mtoto alifia tumboni. Presha ilikuwa imeandikwa pia, nzuri. Mwandiko ulikuwa safi, ila kuhusu ule uongo hapakuwa na neno hata moja. Muuguzi alinitolea macho ya kuomba, na najua nilichotakiwa kusema ili tuende nyumbani kwa amani.

"Hajaandika, Hooyo," nilisema.

Hooyo alikirudisha kitabu mezani, akakifungua ukurasa uleule, akaweka kidole chake palipokuwa na nafasi nyeupe.

"Andika," alisema.